Dispensari ya Mizingani: Aliyeijenga Hakuiona Ikikamilika

SAUMU: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tuko Mizingani, Unguja mjini. Ukishuka kwenye boti ya Dar ukatoka getini, hutembei sana kabla hujakutana na jengo la ghorofa lenye roshani za mbao zilizochongwa, na vioo vya rangi, mpaka unajiuliza fundi yule alikuwa akilala saa ngapi.

KOMBO: Dispensari ya Zamani! Nambie dada Saumu, nani anajenga dispensari kama kasri?

SAUMU: Tharia Topan. Khoja, yaani Muislamu wa asili ya Kihindi, wa madhehebu ya Ismailia, kutoka Kutch, India, aliyekuja Unguja mdogo, akapanda mpaka akashika ushuru wa forodha na kuwa mkubwa wa jamaa yake. Mwaka 1887 Malkia Victoria anatimiza miaka 50 kwenye kiti, naye akaweka jiwe la msingi: hospitali ya maskini.

KOMBO: Ngoja hapo hapo. Huyu si ndiye aliyekuwa akimkopesha Tippu Tip, yule tajiri wa misafara, bidhaa za kwenda nazo bara? Tippu Tip mwenyewe kamtaja alipoandika habari za maisha yake, tena kwa Kiswahili. Na misafara ile tunaijua: pembe za ndovu, na watu.

SAUMU: Sikukatalii. Anayesimulia jengo hili aitaje na pesa ilikotoka, asiishie kwenye roshani.

KOMBO: Haya. Basi aliwatibu hao maskini?

SAUMU: Hata mmoja. Alifariki India mwaka 1891, ujenzi bado. Mjane wake, Bi Janbai, ndiye aliyeendeleza kazi mpaka ikakamilika 1894.

KOMBO: Na huyo ndiye hatajwi! Kila anayepita pale atakwambia Tharia, Tharia.

SAUMU: Ndiyo hivyo, kaka. Halafu mwaka 1900 likauzwa. Walionunua ni wasimamizi wa mali ya Haji Nasser Nurmohamed, wakaweka zahanati ya sadaka chini, ghorofa za juu wakaishi watu.

KOMBO: Hao ni Ithnashiri, Shia wa maimamu kumi na wawili. Na Makhoja walikuwa wameshatengana, Ismailia huku, Ithnashiri kule, kila upande na pa kuswalia pake.

SAUMU: Lakini aliyeumwa homa hakuulizwa. Zahanati ilifanya kazi miaka mingi, hadi baada ya Mapinduzi ya 1964 jengo likaingia mikononi mwa Serikali, na matunzo yakapungua. Mapaa yakavuja, mbao zikaoza.

KOMBO: Mpaka akaja Aga Khan, imamu wa Ismailia.

SAUMU: Taasisi yake ya utamaduni, iliyolichukua kwa kukodi mwaka 1990. Kwa hiyo lilianzishwa na mkubwa wa Ismailia, likatumika kwa sadaka ya Ithnashiri, likaja kutengenezwa na Ismailia.

KOMBO: Mimi nataka kusikia hilo la kutengeneza. Si unapaka saruji yakaisha?

SAUMU: Usinambie! Saruji ndiyo inayoua nyumba za Mji Mkongwe. Ukuta ule ni mawe ya matumbawe na chokaa, unavuta unyevu na kuutoa. Ukiupaka saruji, maji yanabaki ndani, chumvi inatafuta pa kutokea, lipu inabanduka vipande vipande. Ukigonga unasikia mlio wa uwazi. Inabidi uitoe yote, urudi kwenye chokaa, nayo haitaki haraka: tabaka juu ya tabaka, kila moja ikauke kwanza.

KOMBO: Na mbao?

SAUMU: Kipande kilichooza kinakatwa, kinachongwa kingine kama kile kile. Mafundi wa hapa hapa walifunzwa kazi hiyo. Mimi naona hao ndio faida kubwa ya mradi ule, kuliko hata rangi nzuri ya mbele.

KOMBO: Sasa nikuchokoze. Hospitali ya maskini ikaja kugeuzwa kituo cha utamaduni. Maskini wamepata nini?

SAUMU: Swali zuri, na sina la kukuridhisha. Lakini jengo tupu lingeanguka. Beit al Ajaib, lile jumba la zamani la Sultani njia hiyo hiyo ya pwani, upande wake umeporomoka Desemba 2020, na watu wakafa.

KOMBO: Basi na hii Dispensari, hewa ya bahari inazila mbao kila siku. Bila hela ya matengenezo kila mwaka, miaka 20 tu tunarudi pale pale.

SAUMU: Ndiyo maana wiki ijayo tunamleta fundi wa chokaa. Mwenye nyumba ya urithi Shangani, Malindi au Kiponda, tuletee swali lako, hasa kama ulishapaka saruji.