Frateri akirudi nyumbani

Tumsifu Yesu Kristo. Haya asanteni, kaeni. Father mlezi kanipa dakika ishirini niwaongeleshe nyie mafrateri, yani wanafunzi wa upadre, mnaoenda likizo ndefu kwa mara ya kwanza, akasema ongelea familia, imani na utume, nikamwambia Father hivo si vitu vitatu? Akasema ukiwa frateri uko likizo utaviona vinakuja siku moja, kabla hata ya saa sita mchana. Alikua sahihi bwana.

Nianze na aibu yangu mwenyewe ili mkae vizuri.

Mwaka wa kwanza wa falsafa nilirudi nyumbani nimejaa, yani nimejaa kweli, nina Aristotle kichwani, nina maneno matatu ya Kilatini, najua rangi ya vazi la kila kipindi cha liturujia. Siku ya tatu jioni tunasali rozari, bibi ndo anaongoza kama ambavyo ameongoza tangu mi sijazaliwa. Ilikua Alhamisi. Bibi akaanza, Matendo ya Furaha, tendo la kwanza, maana kila siku ina fungu lake la matukio ya Yesu na Maria ya kutafakari. Mi nikamkatisha. Katikati ya sala jamani! Nikasema bibi, Alhamisi ni Matendo ya Mwanga, yale ya furaha ni Jumatatu na Jumamosi. Kimya. Bibi akaniangalia, akanipa rozari yake mkononi akasema, ongoza wewe baba.

Nikaongoza na nikajiona nimefanya utume.

Baadae mama akanifata nje, hakupaza sauti hata kidogo, akaniambia: "Huyo bibi yako ndo kakuombea mpaka ukaingia huko seminari, na kakuombea kwa hiyo rozari unayoiita ya makosa." Afu akarudi ndani. Mi nikabaki pale pale nimesimama kama nguzo.

Na kibaya zaidi hata hoja yangu yenyewe ilikua mbovu. Matendo ya Mwanga yaliletwa na Papa Yohane Paulo II Oktoba 2002, na yeye mwenyewe aliyaleta kama pendekezo, akaacha uhuru kwa watu. Kabla ya hapo Alhamisi ilikua ni Furaha, kwa karne na karne. Kwaiyo bibi hakukosea kitu chochote, bibi alikua anasali alivyofundishwa, na mi niliyesoma ndo sikua nimesoma vya kutosha. Ndo hatari ya mwaka wa kwanza hiyo, unajua kidogo alafu kile kidogo kinataka kutoka nje haraka haraka.

Sasa mtaniuliza, kwani lazima tutoke? Si tubaki tu huku kwenye kengele na ratiba. Hapana. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 258, inasema waseminari wajifunze utume kwa vitendo wakati wa masomo na hasa wakati wa likizo. Sikilizeni hilo neno hasa. Yani likizo sio shimo katikati ya malezi, imeandikwa kwenye sheria kwamba ni sehemu ya malezi. Watu wengi hawaijui hii kanuni na mi naona ingebandikwa mlangoni.

Na neno lenyewe seminari, mnajua, ni kitalu cha miche. Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563 ndo uliagiza kila jimbo liwe na kitalu chake. Ila mtu aliyewahi kuotesha miche anajua kitu kimoja, mche ukikaa kivulini na kumwagiliwa kila siku mpaka siku ya kupandwa, jua la kwanza tu linauua. Kwaiyo wenye vitalu wanapunguza kivuli kidogo kidogo na maji pia. Likizo ndo kupunguziwa kivuli huko. Utanyauka kidogo, usishangae.

Kuhusu sala sitaki kuwadanganya. Wiki ya kwanza nyumbani utasali Masifu yote, yani zile sala za vipindi vya siku, wiki ya pili utasali ya jioni tu, wiki ya tatu utagundua breviari, kitabu cha sala hizo, iko chini ya nguo zilizofuliwa. Mi ndo iliyonitokea. Hapo ndo nikajua nilikua na imani ya kengele, kengele ikilia nasali, isipolia sisali, sio kwa ubaya wala nini, nasahau tu. Nilichofanya mwaka uliofata ni kidogo sana, nilichagua Sala ya Kabla ya Kulala, ile fupi, nikasema hii sitaiacha hata nyumba ijae wageni, na dada yangu mdogo akaanza kukaa mlangoni anasikiliza, mwisho akawa anajibu zaburi. Hizo nyingine zilirudi zenyewe polepole.

Kuna mambo mengine nayapitia haraka. Watu watakuita father, na utapenda, sema ukweli utapenda, lakini we hujapata daraja yoyote, yani hujawa shemasi wala padre, kwaiyo ukiombwa baraka sali nao tu na uwaelekeze kwa paroko. Yule uliyempenda zamani utakutana nae, hilo ongea na baba wa kiroho, usiliongee na mafrateri kwenye wasapu. Na ukifika ripoti parokiani mapema, sio siku moja kabla ya kuondoka unaomba barua.

Hospitali ndo nataka nikae.

Likizo yangu ya pili walinituma kutembelea wagonjwa. Kabla sijawasimulia, kuna mchungaji mmoja wa Kiprotestanti kule Marekani, Anton Boisen, mwaka 1920 aliugua akili mpaka akalazwa. Akapona, na mwaka 1925, kipindi cha kiangazi, yani likizo kama hii yenu, akachukua wanafunzi wanne wa teolojia akawaweka kazini kwenye hospitali ya magonjwa ya akili ya Worcester, jimbo la Massachusetts. Hawakwenda kuhubiri, walifanya kazi wodini. Hoja yake ilikua kwamba mgonjwa ni andiko hai, inabidi umsome kwa makini kama unavyosoma vitabu. Malezi mengi ya utume wa hospitali leo yametokea pale. Nampenda huyu mtu kwa sababu alikua amelala kwenye kitanda kabla hajasimama pembeni ya kitanda.

Basi mi nikaingia wodini na Biblia yangu. Kuna mzee nikamsalimia, shikamoo mzee, marahaba, nikafungua kitabu, akaniuliza, "Umekuja kunisomea au umekuja kukaa?" Nikacheka, nikasoma. Alafu nikaondoka nikaenda kitanda kingine, nilikua na malengo, vitanda kumi kwa siku!

Jioni msimamizi wetu akasema andika mazungumzo yako na mgonjwa mmoja, neno kwa neno, yeye alisema nini we ulisema nini. Nikaandika ya yule mzee. Akayasoma, akachukua kalamu, akahesabu mistari. Kumi na nne. Kumi na moja yangu. Hakunigombeza, alinirudishia karatasi tu.

Kesho yake nikarudi kwa mzee bila kitabu nikakaa. Ilipita kama robo saa hatujaongea kitu cha maana, mi natoka jasho, kimya kile kilikua kizito kuliko mtihani wa metafizikia. Alafu akaanza kuniambia kuhusu mwanae ambae hawajasemeshana miaka mingi, aliongea mpaka chakula kikaja. Sikumpa jibu lolote, sikua nalo. Alipomaliza akasema, haya sasa nisomee.

Na hapo ndo familia inarudi, maana nilitoka wodini siku hiyo najiuliza, baba yangu mwenyewe nimewahi kumkalia hivi? Baba ni mtu wa maneno machache, nilipoingia seminari alisema sawa, basi, na mi nikachukua ile sawa nikaondoka nayo. Sasa siku moja tuko juu ya paa tunaziba panapovuja nikamuuliza, baba, kwani we ulionaje mi kwenda huko? Akaendelea kupigilia misumari. Nikajizuia nisiongeze neno, na mnajua mi ninavyoongea. Msumari wa tatu au wa nne akasema, "Sikukukatalia. Ila hakuna aliyeniuliza."

Jamani. Mi ndo mtoto wa kiume peke yangu pale nyumbani. Padre anatoa maisha yake tunasema, sawa, lakini baba alikua ametoa wajukuu wa jina lake na hakuna mtu hata mmoja aliyemuuliza, sio paroko, sio mlezi, sio mi. Tuliongea juu ya paa mpaka giza likaingia, mengine ni yake siwezi kuyasema hapa. Sisemi ameridhika moja kwa moja. Alisema ataniuliza tena nikikaribia ushemasi, ile daraja ya kabla ya upadre, na mi nimemwambia aulize.

Kwaiyo mkienda, kabla hujaomba kupewa kikundi cha vijana au kwaya, nenda kaulize swali nyumbani. Alafu nyamaza.

Bibi? Bibi yupo. Likizo iliyopita ilikua Alhamisi tena, mi nimekaa chini karibu na miguu yake, akashika rozari akasita, akaniangalia kwa jicho lile, akasema, "Father mtarajiwa, leo ni mwanga au furaha?" Wote wakacheka. Nikamwambia ni furaha, bibi, anza. Akaanza na mi nikaitikia.

Haya, maswali. We wa nyuma kule, ongea kwa sauti.