Forodhani Inavyoweza Kuzifunza Bandari Ndogo

Waheshimiwa madiwani, ndugu wavuvi, wazee wetu wa Pangani, asalaam aleikum.

Kila ninapouliza kinachokwamisha fukwe za miji kama huu, Kilwa Kivinje au Mkoani kule Pemba, jibu huwa ni fedha. Sikubaliani nalo. Kinachotangulia ni kwamba kipande kimoja cha pwani kina wenyewe wengi. Gati ni la bandari, soko la samaki la halmashauri, majengo ya kale yana idara yake, na kwa Tanzania Bara Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Anayetaka kujenga akizungushwa ofisi hadi ofisi, anakata tamaa.

Itazameni Forodhani ya Unguja. Palikuwa na mabanda ya bandari. Shughuli za meli zilipohamia Malindi, hukohuko Unguja, pakapatikana nafasi, na mwaka 1936 ikafunguliwa bustani ya jubilei ya Sultani Khalifa bin Haroub. Baadaye ilichakaa vibaya. Serikali na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni wakakubaliana kuifufua, ikafunguliwa upya mwaka 2009. Mnaoijua mnakumbuka taa na maua, lakini kazi ninayoiheshimu zaidi ni ile isiyopigwa picha: ukuta wa bahari na mifereji ya maji machafu. Bila hivyo, bustani ingeliwa na mawimbi.

Na wachuuzi je? Walipisha ujenzi, kisha wakarudi. Magharibi ikiingia, mishikaki na pweza viko motoni, na watoto wa Mji Mkongwe wanapiga mbizi kutoka ukutani bila kulipa kiingilio. Hilo nalitetea kwa moyo wote: ufukwe ukifungiwa wenyeji, mji umeibiwa.

Lamu walijifunza kwa gharama. Mradi wa bandari mpya ulipoanza, wavuvi wakaenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi, ile ya Kenya, ikaamuru walipwe takriban shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Ni mradi mkubwa, lakini mvuvi wa bandari ndogo naye ana haki hiyohiyo ya kuulizwa kwanza.

Ombi langu ni hili: kabla ya kutangaza zabuni, bandari, halmashauri, watu wa mazingira, mambo ya kale na BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, wakae meza moja na ramani moja. Waandike nani atazoa taka, nani atalipia umeme, ushuru utaingia mfuko gani. Anzeni na kipande kidogo tu, hapo kando ya kivuko cha Bweni.