Kutunza Zana za Kunasa Makosa ya Kumbukumbu kwenye Linux, macOS na Windows

Karibuni, watazamaji wapendwa. Katika video hii ninawaonyesha kazi ninayoipenda sana katika utunzaji wa programu za lugha ya C na C++, nayo ni kuzihudumia zana zinazonasa makosa ya kumbukumbu ili ziendelee kuona vizuri kila mfumo endeshi unaposasishwa. Zana ikikaa kimya, ama programu yako ni safi, ama zana yenyewe imepofuka, na huwezi kutofautisha hali hizo mbili kwa kuutazama ukimya peke yake. Mkaguzi wa mizani huanza na jiwe ambalo uzito wake unajulikana, na sisi tutaanza na programu ambayo kosa lake linajulikana.

Namna ya kufungua terminali na kuandika faili jipya mnaijua, kwa hiyo naipita. Tazameni faili la kwanza, ambalo nimeliita kupita.c. Ndani ya kazi (function) moja ndogo inayoitwa na main, kuna mistari mitatu:

    char *mji = malloc(6);
    memcpy(mji, "Mwanza", 6);
    mji[6] = '\0';

Jina Mwanza lina herufi sita, na tumeomba baiti 6, lakini lugha ya C hudai sifuri ya kufungia maandishi, na sifuri hiyo ndiyo inayoandikwa katika baiti ya saba ambayo si yetu. Programu hii ukiiendesha bila zana yoyote, kwa kawaida itamaliza salama salimini, kwa sababu malloc huikata nafasi kwa vipande vikubwa kuliko ulivyoomba. Kosa la namna hii linaweza kuishi katika programu kwa miaka. Faili la pili, kuvuja.c, ni fupi zaidi: linaomba baiti 100 ndani ya kazi, kisha linarudi bila kuita free ili kuzirudisha, na huo ndio uvujaji.

Kwa nini mafaili mawili badala ya moja lenye makosa yote? Kwa sababu AddressSanitizer, zana inayojengwa ndani ya programu wakati wa kuitafsiri, husimamisha programu kwenye kosa la kwanza, na makosa yakiwa pamoja uvujaji hautafikiwa kamwe, ilhali Valgrind, zana inayoiendesha programu chini ya uangalizi wake, huripoti na kuendelea. Tukiyatenganisha, mafaili yale yale yatatufaa kila mahali.

Sasa tuanze na Linux. Ninatafsiri kwa amri hii:

    gcc -g -O0 kupita.c -o kupita

Angalieni hiyo -O0, inayoiambia kompaila, yaani gcc yenyewe, isiboreshe msimbo. Usiiache. Ukiweka -O2, kompaila ina haki ya kuona kwamba kumbukumbu hiyo haitumiki popote na kuifuta pamoja na kosa lake, na hapo zana itanyamaza kwa haki kabisa, nawe utadhani imeharibika. Kisha:

    valgrind --leak-check=full --error-exitcode=1 ./kupita

Naam, kumetokea jambo hapa, na sitalikata katika video kwa kuwa ni somo lenyewe. Valgrind imekataa kuanza. Hebu niyakuze maandishi. Inasema kwamba kuna kazi ambayo ni lazima ibadilishwe, inayolingana na strlen, ndani ya ld-linux-x86-64.so.2, na haikupatikana. Maana yake ni kwamba Memcheck, ambayo ndiyo zana ya msingi ya Valgrind, huweka matoleo yake badala ya kazi kadhaa za maktaba ya C, na ili izipate inahitaji majina yake. Mashine hii imesasishwa, na maktaba iliyokuja imenyofolewa majina hayo. Programu yetu haina hatia, na Valgrind pia haina hatia. Kwenye Debian na Ubuntu dawa yake ni hii:

    sudo apt install libc6-dbg

Kwenye Fedora na jamaa zake, kifurushi kinachohusika ni glibc-debuginfo. Ninaendesha tena, na sasa tunasoma ripoti: "Invalid write of size 1", na chini yake inaeleza kwamba anwani hiyo iko baiti 0 baada ya kipande cha baiti 6. Hiyo ndiyo sifuri yetu ya baiti ya saba, pamoja na namba ya mstari. Kabla hatujaendelea, andika echo $?, inayoonyesha namba ambayo amri iliyotangulia imerudisha ilipomaliza, na uone kwamba jibu ni 1. Pasipo --error-exitcode, Valgrind hurudisha jibu la programu yenyewe, na seva inayoendesha majaribio usiku itapokea 0 na kuonyesha alama ya kijani juu ya ripoti iliyojaa makosa. Ninapopewa mradi wa watu wengine, hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokikagua.

Nikiwa bado kwenye Valgrind, nitaje mambo mawili yanayojitokeza mashine ikibadilika. La kwanza ni keneli mpya, yaani kiini cha mfumo endeshi: Valgrind inapaswa kumfahamu kila mwito ambao programu inaupeleka kwa keneli, na ikikutana na mgeni huandika "unhandled syscall" pamoja na namba yake, hapo tafuta toleo jipya la Valgrind badala ya kuhangaika na msimbo wako. La pili ni kichakataji (CPU) kipya: ukiona "unhandled instruction bytes" na baiti ya kwanza ikiwa 0x62, hiyo kwa kawaida ni amri ya AVX-512, kundi la amri za baadhi ya vichakataji vipya, na mara nyingi chanzo ni mtu aliyeweka -march=native, inayoiambia kompaila itumie amri zote za mashine hiyo, katika faili la ujenzi. Jenga nakala ya majaribio kwa -march=x86-64-v2, na tatizo huondoka. Na wale wanaoijenga Valgrind kutoka kwenye msimbo wake wasihamishe folda baada ya make install, maana imeandikiwa ndani mahali ilipowekwa. Baada ya kujenga, make regtest itawapa picha ya afya yake.

Twende kwenye AddressSanitizer, ambayo watafiti wa Google waliieleza hadharani mwaka 2012 na ambayo imo ndani ya GCC tangu toleo la 4.8. Hii haihitaji kusakinishwa kwa kawaida, kwa kuwa imo ndani ya kompaila:

    gcc -g -O0 -fsanitize=address -fno-omit-frame-pointer kupita.c -o kupita-asan

Nimeipa jina tofauti kwa makusudi. Programu iliyojengwa hivi isiendeshwe chini ya Valgrind, kwa sababu kila moja inataka kumiliki kumbukumbu yote na ripoti zitakazotoka hazitakuwa na maana. Ninaendesha: "heap-buffer-overflow", "WRITE of size 1". Teremkeni hadi chini ya ripoti, kwenye safu za namba ndogo, muone 06 iliyozungushiwa mabano ya mraba. Kila baiti 8 za kumbukumbu zina baiti moja ya kivuli, na thamani 06 inasema kwamba baiti sita za kwanza ni halali na mbili zilizobaki si halali. Naipenda sana sehemu hii, kwa sababu jina Mwanza linaonekana pale, likiwa limepimwa urefu wake.

Ninaendesha tena ili kuhakikisha. Hapa sasa. Terminali inatapika mstari mmoja, "AddressSanitizer:DEADLYSIGNAL", bila kukoma, na nimelazimika kubonyeza Ctrl na C. Programu ni ile ile, na sekunde chache zilizopita ilifanya kazi. Hali hii ilisumbua watu wengi mwaka 2024, baada ya mifumo kama Ubuntu kuongeza kiwango ambacho keneli hutawanya anwani za kumbukumbu kwa nasibu. AddressSanitizer hukiweka kivuli chake mahali maalumu, na utawanyaji ukiwa mpana, mara nyingine maktaba huangukia hapo hapo. Ndiyo sababu hufaulu mara hii na kufeli mara ijayo. Dawa ya kudumu ni kompaila mpya zaidi. Wengine watakuambia uandike sudo sysctl vm.mmap_rnd_bits=28, na kweli hufanya kazi, lakini hupunguza kinga ya mashine nzima. Mimi napendelea kuigusa programu moja tu:

    setarch -R ./kupita-asan

Jaribio la kuvuja.c fanyeni wenyewe kwa amri zile zile; mtaona baiti 100 zikitajwa na zana zote mbili.

Sasa tumefika kwenye hatua ninayoomba muitazame bila haraka, nayo ni faili la kunyamazisha. Maktaba nyingi za nje hushika kumbukumbu hadi mwisho wa programu kwa nia njema, na ripoti zake hufunika zako, kwa hiyo Valgrind inakuruhusu kuzinyamazisha. Ukiongeza --gen-suppressions=all, itakuandikia kipande tayari, nawe utakipunguza hadi kifanane na hiki:

    {
       maktaba-ya-picha-hushika-hadi-mwisho
       Memcheck:Leak
       match-leak-kinds: reachable
       fun:malloc
       fun:picha_anzisha
    }

Sikilizeni. Usikiishie kipande hiki kwenye fun:malloc. Valgrind hulinganisha mistari kuanzia juu ya mfuatano wa miito, na mistari ikiisha, huhesabu kwamba imelingana. Kwa hiyo kipande chenye fun:malloc peke yake kinanyamazisha kila uvujaji wa aina iliyotajwa uliopitia malloc, katika msimbo wako na wa wengine wote. Narudia: ukifuta mstari wa fun:picha_anzisha kwa kudhani unafupisha tu, umeifumba macho zana kwa uvujaji wote wa aina hiyo. Mstari wa match-leak-kinds nao usiuache; hapa unataja reachable, yaani kumbukumbu ambayo programu bado inaweza kuifikia, na usipokuwepo, aina zote za uvujaji zitanyamazishwa, pamoja na ule uliopotea kabisa.

Na hii ndiyo faida ya mafaili yetu mawili. Kila unapobadilisha faili la kunyamazisha, endesha kuvuja.c ukitumia faili hilo hilo kwa --suppressions. Baiti 100 zikitoweka katika ripoti, rudisha ulichobadilisha. Nitafanya hivyo sasa: nafuta mstari wa fun:picha_anzisha pamoja na ule wa match-leak-kinds, naendesha, na mnaona, makosa sifuri. Programu inavuja na ripoti ni safi. Narudisha mistari yote miwili, naendesha, baiti 100 zimerudi. Fun:malloc haibaki peke yake. Nitalisema tena tukifika mwisho wa hatua hii.

Juu ya kila kipande andikeni maelezo yanayoanza na alama ya #, yakitaja sababu na toleo la maktaba. Halafu kila baada ya muda endesheni kwa -s, ambayo huorodhesha vipande vilivyotumika kweli, kisichotumika kifutwe. LeakSanitizer, sehemu ya AddressSanitizer inayotafuta uvujaji, ina faili lake lenye umbo jingine, kwa mfano leak:picha_anzisha, ambalo hutajwa katika LSAN_OPTIONS, na hayo mawili hayachanganywi.

Kunyamazisha onyo bila kulielewa kuna historia nzito. Mwaka 2006, katika kifurushi cha Debian cha OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, mistari iliondolewa kwa kuwa Valgrind ililalamikia kumbukumbu isiyowekwa thamani. Mmoja wa mistari hiyo ndio ulioingiza nasibu halisi, na kilichobaki cha kutofautisha funguo kilikuwa namba ya mchakato, ambayo kwa kawaida haizidi 32,768. Luciano Bello aligundua jambo hilo, likatangazwa Mei 2008, na funguo zilizotengenezwa katika kipindi hicho kwenye Debian na Ubuntu zikalazimika kutupwa. Zana ilikuwa imeona sawasawa. Aliyeisoma ndiye aliyehitaji kuuliza kila mstari unafanya kazi gani. Basi, kwa mara ya mwisho: fun:malloc isiwe mstari wa mwisho.

Kwenye macOS nitakwenda kasi kidogo. Kwa miaka mingi uungaji mkono rasmi wa Valgrind uliishia macOS 10.13, kwa hiyo mimi hutumia kompaila ya Apple. Amri ya kujenga ni ile ile, ukiweka clang badala ya gcc, na kupita.c hunaswa mara moja. Lakini nimeileta hapa faili la mipangilio kutoka Linux, lenye ASAN_OPTIONS=detect_leaks=1, na mnaona programu imekufa kabla ya kuanza, ikisema kwamba detect_leaks haipo kwenye mfumo huu. Ondoeni mpangilio huo kwa Mac. Uvujaji tafuteni kwa programu iliyojengwa bila sanitizer:

    leaks --atExit -- ./kuvuja

Ukitanguliza MallocStackLogging=1, utapata pia mahali kumbukumbu ilipoombwa.

Kwenye Windows, Visual Studio ina AddressSanitizer tangu toleo la 2019 namba 16.9. Fungua terminali ya wasanidi inayokuja nayo, wala si ile ya kawaida, kwa kuwa ile ya kwanza ndiyo inayojua lilipo faili clang_rt.asan_dynamic-x86_64.dll, kisha:

    cl /Zi /fsanitize=address kupita.c

Wanaojenga ndani ya Visual Studio watakutana na kikwazo: mpangilio wa Debug huja na /RTC1, na hiyo haikubaliani na /fsanitize=address. Izimeni katika sifa za mradi. Zana hii ya Windows haitafuti uvujaji, kwa hiyo kuvuja.c lijengwe mara ya pili bila sanitizer, kwa /MDd, na ndani yake muite _CrtDumpMemoryLeaks kabla ya main kumaliza. Wanaohitaji Valgrind yenyewe kwenye mashine hiyo hiyo wataipata kupitia WSL 2, ambayo huendesha keneli halisi ya Linux, na huko hatua zote za mwanzo, hata ile ya libc6-dbg, ni zile zile.

Mafaili kupita.c na kuvuja.c, pamoja na hati fupi inayoyajenga na kukagua majibu yake kwenye mifumo yote mitatu, nimeyaweka katika maelezo yaliyo chini ya video. Hati hiyo iwekeni iendeshwe kabla ya majaribio yenu mengine, na ikifeli isimamishe kila kitu kinachofuata.