Pacha wa kidijitali: mi naanza na simtanki

Haya wakuu, projekta imegoma kwa hiyo naongea tu. Hili somo la pacha wa kidijitali, yaani nakala ya kitu halisi kwenye kompyuta inayokwenda nacho sambamba, mara ya kwanza kulifundisha kwa vijana wa kompyuta nilichemka, nikaanza na picha za 3D, wakachora majengo mazuriii yanazunguka kwenye skrini, siku ya prezentesheni nikauliza kitu kimoja tu, hii taa mliyochora, ile ya ukweli kule darasani saa hizi inawaka au imezimwa? Kimya.

Ile ni modeli. Data ikija yenyewe kutoka kwenye kitu halisi, hicho tunaita kivuli. Pacha ni mpaka kompyuta nayo irudishe amri kule. Michael Grieves alivyolieleza wazo hili Michigan 2002 alikuwa na kitu halisi, kitu cha kwenye kompyuta, na data inayopita katikati, sisi tumeng'ang'ania vile viwili, cha katikati ndo hatukigusi.

Sa hivi naanza na simtanki la hosteli. ESP32 (kikompyuta kidogo chenye Wi-Fi), sensa ya mwangwi kwenye mfuniko inayopima kwa sauti umbali mpaka kwenye maji, data inapita kwa MQTT (njia ya vifaa kutumiana ujumbe mfupi mtandaoni), rilei, ile swichi inayoendeshwa kwa umeme, inawasha pampu, na 3D marufuku wiki tatu za kwanza. Kundi moja wakaja wamechanganyikiwa, grafu inasema saa saba mchana maji yanapanda na pampu imezimwa! Kumbe programu yao imekariri kasi ya sauti mita 343 kwa sekunde, hiyo ni ya hewa ya nyuzi 20, ndani ya tenki jeusi juani ni nyuzi 45, sauti inakimbia karibu 358, mwangwi unawahi kurudi, kompyuta inadhani maji yako juu. Kwenye mita moja ya hewa unakosea kama sentimita 4. Wakaongeza sensa ya joto, grafu ikatulia. Hapo hata wasiopenda fizikia walikaa macho.

Maksi nyingi natoa kwa tofauti kati ya namba ya pacha na fimbo wanayotumbukiza wenyewe kwenye tenki. Na pacha lazima ajue kusema sina data tangu saa fulani, hili wengi wanaliona dogo. Mwaka jana umeme ulikatika upande wa sensa tu, namba ikabaki ileile ya tenki tupu, pampu ikaambiwa jaza, ikajaza, ikaendelea kujaza. Nikapigiwa simu saa tano usiku na matroni, mwalimu njoo, maji yanashuka ngazi.