Msiseme Tena "Maono ya Mchungaji"

(Mazungumzo na washarika kwenye semina ya Jumamosi, Bagamoyo, chini ya turubai, kabla ya chakula cha mchana.)

Bwana Yesu asifiwe! Hiyo Amen ni ya wa mbele tu. Wa nyuma mmekaa karibu na sufuria, nawaelewa. Bwana Yesu asifiwe tena!

Nimepewa saa moja na mada ndefu, "Ukuaji wa Usharika na Maono ya Pamoja". Nimeandika pointi nne. Mnaonijua mnajua kwamba ya pili nitaifikia nimechoka, na ya nne hamtaiona. Mithali 29:18, ile ya "pasipo maono", sitaisoma. Tumeichapa kwenye fulana, kwenye bango na kwenye kanga za akina mama. Kama kuisoma kungetosha, leo tusingekuwa chini ya turubai la kukodi.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka juzi tulitoa kalenda. Picha yangu nusu ukurasa, nimevaa joho, natazama mbali kama nahodha. Mchoro wa kanisa jipya uko chini pembeni, ukubwa wa stempu. Na juu, kwa herufi za dhahabu: MAONO YA MCHUNGAJI. Majuzi nimekwenda kumjulia hali msharika mmoja, mvuvi, nikaiona kalenda ile bado iko ukutani. Moyo ukafurahi. Nikamwambia, ndugu yangu, umeitunza. Akacheka, akasema, "Mchungaji, nyuma yake kuna tundu. Panya walikuwa wanatusumbua."

Sasa mnacheka. Na mimi pale nilicheka, kwa adabu. Lakini usiku nililala macho wazi. Yule bwana si mvivu wala si mchoyo. Kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada ndiye hununua kuku kisha anamrudisha anadiwe tena, kuku mmoja ananunuliwa mara tatu hata mwenyewe anachoka. Kutoa anajua. Ila zile herufi za dhahabu zimemwambia hili jambo lina mwenyewe, na mwenyewe si yeye. Mtu atakusaidia mzigo wako mpaka kwenye kona, kwa heshima. Baada ya kona anasema, haya mchungaji, safari njema.

Kwa hiyo naomba tufute hayo maneno. Kwenye matangazo, kwenye kikao cha wazee, kwenye maombi. Mzee wa kanisa akisimama kusema "tumuunge mkono mchungaji katika maono yake", aketi, aanze upya.

Nitawapeni mfano, na wale waliokwisha kuusikia wavumilie, maana nitaendelea kuusema mpaka lile jengo liezekwe.

David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi Mskoti, mnamjua. Watalii wanapitishwa pale misheni ya Wakatoliki, wanaonyeshwa mnara, wanapiga picha kwenye mbuyu, wanaondoka. Ya "bwaga moyo", ile asili ya jina Bagamoyo, nayo siirudii. Kila mgeni anayetoka Dar kuja kuhubiri hapa hutuanzia hiyo, kana kwamba sisi hatujui mji wetu unaitwaje. Mimi nazungumzia waliombeba.

Mei 1873, huko kijijini kwa chifu Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, asubuhi wanamkuta Livingstone amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa. Pale wapo watumishi wake, Susi na Chuma, na wapagazi, na wanawake, wote makumi ya watu. Mwenye safari kafa. Hakuna wa kutoa amri, hakuna wa kuwasimamia. Wangeweza kuchimba kaburi pale pale, wakagawana nguo na shanga, wakatawanyika, na hakuna mtu duniani angewadai. Wakakaa kikao. Nawaombeni mtazame hicho kikao, wazee wangu wa kanisa, maana sidhani kama waliahirisha kwa kukosa akidi. Wakaamua: mwili unakwenda pwani.

Moyo wakauzika chini ya mti. Kijana mmoja aliyejua kusoma, Jacob Wainwright, akasoma maombi ya maziko na kuchonga maandishi kwenye ule mti. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kama wiki mbili, wanaugeuza. Wakaufunga kwa nguo na gome la mti. Halafu wakaondoka. Zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu, miezi kama tisa, wengine wakafia njiani.

Sasa sikilizeni. Walipofika Unyanyembe, upande wa Tabora, wakakutana na Mwingereza, Cameron, afisa wa jeshi la majini. Akawashauri wamzike hapo hapo. Lilikuwa shauri la busara kabisa! Njia mbaya, watu wamechoka, na anayesema ni mkubwa, tena wa nchi moja na marehemu. Wakamkatalia. Nataka mtu anieleze. Kama haya yalikuwa "maono ya Bwana Livingstone", Bwana Livingstone amekufa na Mwingereza mwenzake kasema inatosha. Walimkatalia kwa sababu wakati ule mzigo ulikuwa umeshakuwa wao.

Na mbele wakakuta wenyeji hawataki maiti ipite nchini mwao. Wakafanya hila. Wakakata mabua ya mtama, wakayafunga kwa nguo kwa urefu wa mtu, wakawapa wenzao wayabebe warudi nayo Unyanyembe, kwa huzuni, kana kwamba wamekubali kwenda kumzika. Wale wakaenda mpaka porini, wakatawanya mabua, wakatupa nguo, wakarudi usiku mmoja mmoja. Na mwili wenyewe ukafungwa ukawa mtumba. Mtumba, ndugu zangu, robota la nguo kama marobota mengine ya msafara. Ukapita.

Mtu mzima kubeba mabua ya mtama na kuyalilia! Hilo ndilo ninaloliita maono ya pamoja. Aliyebeba mabua hakubeba Livingstone. Kabeba takataka, kwa uso wa huzuni, ili mwenzake apite na kitu chenyewe. Na hakuna anayemjua jina. Humu ndani mmoja akipewa kufagia uwanja siku ya harambee ananuna, anataka kushika kipaza sauti.

Najua kuna mwalimu wa historia anajikuna hapo. Utaniambia Livingstone ndiye aliyewafungulia njia wakoloni, mchungaji unatuhubiria mzungu. Mwalimu, mimi huyo mzungu nimemuua kwenye sentensi ya kwanza. Ni maiti tangu mwanzo wa hadithi yangu. Wanaotembea ni Waafrika. Mwingine atasema walikuwa wanalipwa. Ndiyo, walikuwa watu wa mshahara. Na walipofika hapa Bagamoyo, Februari 1874, mwili ukapumzishwa pale misheni, kisha akaja ofisa wa ubalozi mdogo wa Uingereza kutoka Unguja, akauchukua, wakalipwa, wakaambiwa kwaherini. Aprili akazikwa London kwa heshima zote, Susi na Chuma hawapo. Walikuja kuitwa Uingereza baadaye, kaburi limeshafunikwa. Sasa nani atembee miezi tisa na maiti kwa ajili ya mshahara ule? Fedha inamfikisha mtu Unyanyembe. Kutoka Unyanyembe kuja hapa ni kitu kingine.

Na la mwisho hapo, kwa wanaosema jirani zetu Waislamu hawatuhusu. Susi wakati ule aliitwa Abdullah. Kubatizwa alibatizwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo ukienda kuomba mkokoteni wa jirani uturahisishie kusomba kokoto, usiombe kama unaomba msaada wa dhambi. Mji huu tumekaa pamoja, na kisima chetu kilichimbwa na fundi anayeswali Ijumaa.

Nimekula nusu saa. Nilijua.

Turudi kwetu. Jengo limesimama kwenye lenta, mnaliona. Nondo za nguzo zimechomoza juu, zimeshika kutu nyekundu ya hewa ya bahari, na watoto wa jirani wameshajua kuanikia sare za shule juu yake. Jumatatu asubuhi ukipita unaona kanisa limevaa kaptula. Kamati ya ujenzi inasema tatizo ni fedha. Mimi nimekaa na daftari la ahadi siku mbili. Fedha ni tatizo, sikatai, lakini tatizo lililotangulia ni kwamba wapo humu waliojenga Bagamoyo miaka sita sasa, wana mihogo, wana mbwa, wana jirani, na bahasha zao za ahadi bado ziko Dar. Kila Jumapili mtu anaendesha kilomita 70 kwenda kusali, anarudi jioni anapita mbele ya nondo zetu na kupiga honi. Ukimuuliza, "Mchungaji, mimi hapa napumzika tu." Ndugu, sita! Umepumzika miaka sita! Hata wapagazi waliokuwa wakifika hapa na pembe mabegani hawakupumzika hivyo.

Lakini simlaumu peke yake. Nani alikwenda kumgongea? Tulisubiri aje ofisini kwa mchungaji na barua ya utambulisho.

Mnajua kwa nini nashikilia hili mpaka nachosha watu. Nilikotumika kabla ya hapa, usharika wa bara, siutaji, tulianza mradi wa kuku wa mayai ili tumlipe mwinjilisti. Mradi mzuri. Kila trei ya mayai niliijua mimi. Funguo ya banda nilikuwa nayo mimi, mfukoni mwa kanzu, natoka madhabahuni nakwenda kupima pumba. Nilipohamishwa nikamkabidhi katibu funguo na daftari, tukapiga picha. Nilipita huko miezi michache baadaye kwenye msiba. Ndani ya banda kuna mbuzi wa mtu. Nikataka kukasirika, nikakosa wa kumkasirikia. Hawakuwahi kuambiwa kwamba wale kuku ni wao. Mimi ndiye niliyewaficha.

Na hapa nitahamishwa. Msiseme "aa, mchungaji". Baba Askofu akiandika barua kesho, keshokutwa nafunga kitanda. Mchungaji kwenu ni mpangaji. Ninyi ndio mtakaozikwa hapa.

Pointi ya pili, haraka. Kukua si kuhesabu vichwa. Huyo huyo Livingstone, mtu mmoja tu ndiye hutajwa sana kwamba alimbatiza, Sechele, mfalme wa Bakwena huko Botswana ya leo, mwaka 1848, na hata huyo akateleza akazuiwa Meza ya Bwana. Ungekuwa mkutano wetu mkuu tungemnyima posho ya safari. Lakini Sechele aliendelea kufundisha watu wake Neno, kwa miaka, bila mzungu. Msiniletee tena ripoti ya idadi peke yake. Nileteeni nani anafundisha nani.

Ya tatu ni ya kamati ya ujenzi. Kuna mtu kaleta habari ya mchanga wa bure kutoka ufukweni. Hapana. Nyumba ya mtumishi plasta inabanduka kama ngozi ya samaki kwa sababu ya chumvi ya mchanga huo huo, na chini ya tundu la plasta kuna lingine. Mchanga tununue wa mto, hata kama ni nusu lori nusu lori. Na kama mnaona ni kazi ndefu, Wakatoliki walianza pale misheni mwaka 1868. Nendeni makaburini mkasome umri wa mapadre na mabruda waliozikwa pale, vijana, malaria imewafyeka, mmoja akifa anakuja mwingine anashika sululu ile ile. Hapo ningekuwa na mengi lakini Mama Mwenyekiti ananionyesha saa.

Ya nne ilikuwa Marko 2, wale wanne na mgonjwa wa kupooza. Someni nyumbani. Mtaona kwamba wao walibomoa paa la watu, na sisi hatuna hata la kubomoa.

Kuna karatasi zinapita. Usiandike kiasi cha fedha, fedha tutazungumza siku ya mavuno. Andika jina la mtu mmoja anayeishi mtaani kwako ambaye bahasha yake iko kwingine, au hana bahasha kabisa, au alikuwa akija akaacha. Chini yake andika jina la msharika mwenzako mtakayekwenda naye. Wawili wawili. Asiandike mtu jina langu, nimeshaona karatasi moja hapo mbele imeandikwa "Mchungaji", ichane.

Na ile kalenda, mwenye nayo bado, geuzeni upande wa pili. Ni mweupe, unafaa kuandikia zamu ya kumwagilia matofali. Wiki hii inaanza na jumuiya ya kule sokoni, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijakausha. Ndoo mje nazo. Mzee, tuombee chakula.