Ufunguo wa Ukumbi Uko kwa Nani?

(Mhadhara kwa wazazi na walimu wa michezo, Tanga)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wazazi, na nyie vijana mliokaa huko nyuma na raketi zenu, asanteni kwa kuja na joto hili. Walionisikia mwaka jana watasema mwalimu anarudia yaleyale ya ufunguo wa ukumbi. Narudia, na nitarudia mpaka nisikilizwe.

Wacheza mpira wa vinyoya, yaani badminton, mnamjua Pullela Gopichand wa India. Mwaka 2001, Birmingham, alimtoa Peter Gade wa Denmark nusu fainali, fainali akamfunga Chen Hong wa China 15-12, 15-6, akatwaa ubingwa wa All England, mashindano makongwe ya mchezo huu. Kabla yake Mhindi aliyeuchukua ni mmoja tu, Prakash Padukone, mwaka 1980. Na goti la Gopichand lilikuwa limeshapita kwenye kisu cha daktari. Lakini kikombe sicho kilichonileta hapa. Kilichonileta ni nyumba yake.

Baada ya ubingwa ule alifuatwa atangaze soda, akakataa, kwa sababu yeye mwenyewe hainywi. Pesa hizo akaziacha zipite. Akapewa na serikali ya jimbo la Andhra Pradesh ekari tano kule Hyderabad ajenge kituo cha kufundishia. Ekari tano bila saruji ni majani tu! Akahangaika miaka, mwisho akaiweka rehani nyumba ya familia. Nyumba, jamani, si pikipiki. Mfanyabiashara Nimmagadda Prasad alipotoa rupia milioni 50, alitoa kwa sharti moja: mchezo huu uiletee India medali ya Olimpiki. Mwaka 2008 ukumbi ukafunguliwa, viwanja vinane chini ya paa moja. London 2012 Saina Nehwal akaleta shaba. Rio 2016 P. V. Sindhu akaleta fedha, baada ya kupigwa na Carolina Marín wa Hispania seti tatu. Sharti limetimia, tena zaidi ya mara moja.

Najua kuna mzazi anasema moyoni, "Mwalimu, huko ni India, watu na pesa zao, sisi hapa tuna nini?" Mzazi mwenzangu, sisi tuna ukumbi. Tayari umejengwa, una paa, na kiwanja cha mchezo huu ni mita 13.4 kwa 6.1, vinaingia viwili na nafasi inabaki. Wala usiniambie watoto wachezee nje. Kinyoya kina uzito wa gramu tano hivi, manyoya kumi na sita kwenye kipande cha gome. Kusi likivuma pale Raskazone, unapiga kwenda mbele kinakurudia usoni. Mchezo huu bila kuta nne haufundishiki.

Sasa niwaambie ya kwetu. Nilikuwa na watoto kumi na wanne. Tulipatana alfajiri, mara baada ya swala, kabla ya shule. Siku ya kwanza mlango umefungwa, mwenye ufunguo kaenda harusini Muheza. Siku ya pili ufunguo upo, lakini ndani kuna zulia jekundu, jukwaa, na viti mia mbili vilivyofungwa vitambaa. Kulikuwa na sherehe usiku. Tukasogeza viti wenyewe. Chini ya zulia nikakuta utepe wetu wa mistari ya kiwanja, tulioununua kwa kuchangishana, umebanduliwa umeviringishwa kama takataka. Binti mmoja, mwembamba, mkono wake wa kushoto mwepesi ajabu, akauokota akaanza kuunyoosha kwa kucha, sentimita kwa sentimita, ili tuubandike tena. Hakulalamika. Aliunyoosha mpaka kengele ya shule ikakaribia, na siku hiyo hakupiga hata kinyoya kimoja.

Kufikia mwezi wa tatu walibaki watano. Yule binti hakuwamo.

Sichukii harusi. Nimeoa, nimeozesha, na ngoma nacheza. Ila harusi ni usiku, na watoto wanataka alfajiri. Tatizo ni kwamba ufunguo anao mtu ambaye mchezo haumhusu, na bingwa wetu wa zamani anasimama mlangoni akiomba kama mgeni. Tunamwita siku ya kugawa zawadi tu, tunampa kofia, tunapiga naye picha. Gopichand hakuomba ufunguo. Ukumbi ni wake, na giza likiwa bado halijatoka yeye yuko ndani na ndoo ya vinyoya, anamrushia mchezaji kimoja baada ya kingine, kushoto, kulia, nyuma, wavuni, mamia kwa mamia, mpaka mguu ujifunze wenyewe. Kwa sababu yupo pale kila siku, ana haki ya kuwa mkali. Kabla ya Rio alimnyang'anya Sindhu simu miezi mitatu na aiskrimu akamkataza. Hebu mwalimu anayeonekana mara moja kwa mwezi ajaribu kumnyang'anya mtoto wako simu!

Na msiseme ni mambo ya Wahindi. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.2. Akaja kujenga shule zake mwenyewe. Bingwa wa kwetu, jasho la kwetu.

Nilitaka pia kusema juu ya bei ya vinyoya, na namna ya kuvifukiza kwa mvuke wa birika usiku ili visivunjike upesi, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Walimu nifuateni nje nitawaonyesha, birika ninalo. Suala la wasichana na mavazi ya stara tumeshalimaliza: wanavaa suruali ndefu na mtandio uliobanwa, wanacheza, basi.

Ombi langu ni moja. Nakala ya pili ya ufunguo ichongwe, apewe kocha, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja na nusu, Jumatatu mpaka Ijumaa. Gharama ya fundi nalipa mimi. Mzee wa ufunguo nimemwona, yupo pale karibu na dirisha. Mzee wangu, shikamoo. Tafadhali sogea huku mbele, tupange sasa hivi watu hawa wote wakiwa wanasikia.