Mwanao anapiga kinanda kanisani, je Harvard watamlipia? Haya najibu

Wadau za huko, poleni na joto. Hii mada nilisema siigusi tena, ila hata nikipost theluji tu komenti ni ileile: mwanangu anapiga kinanda kwaya, Harvard watamsomesha bure? Nikijibu kuna watakaosema najisifu niko Boston, wengine watasema nawakatisha watoto tamaa. Semeni tu jamani.

Harvard, Yale, Princeton na wenzao wote wa Ivy League, lile kundi la vyuo vikuu vinane vya zamani huku Marekani, hawatoi skolashipu ya muziki. Hamna. Hata ya mpira hamna. Pesa wanatoa kwa kuangalia hali ya nyumbani kwenu basi. Muziki unasaidia kwenye kuchaguliwa: unatuma rekodi, sio lazima, na wanaweza kumpa profesa wa muziki aisikilize, akisema huyu mtoto noma faili lako linapata uzito, ila masomo yawe yameshasimama. Na wapiga piano na violin wamejaa, anayetafutwa ni wa obo au basuni, vile vyombo vya kupuliza, maana okestra ya chuo lazima iwe nao. Mtoto wa Unguja anayejua ganuni mimi ningemwambia arekodi ganuni yake. Ila hayo maoni yangu.

Sasa makaratasi, hapo ndo nilizeeka. Kuna fomu ya kuombea msaada wa pesa inaitwa CSS Profile, dola 25 chuo cha kwanza, kila unachoongeza dola 16, wanataka kujua kipato cha baba, cha mama, nyumba, gari, kila kitu. Mzee wangu ana duka la rejareja, salari slipu aitoe wapi? Tukapeleka barua ya serikali ya mtaa na mhuri, wakasema itafsiriwe, ikatafsiriwa, wakasema haionyeshi mwaka mzima. Tukaishia kuprinti stetimenti za M-Pesa rundo zima. Na wiki hiyohiyo kuna shangazi anapiga simu anataka iPhone, et mi si niko Marekani! Haya tuyaache.

Kipaji kinacholipa kiko kwenye shule za muziki zenyewe. Curtis ya Philadelphia haichaji ada tangu 1928, ila wanachukua wachache mno. Berklee hapa Boston unafanya audisheni na skolashipu zipo, ila uliza inalipia kiasi gani, maana ukipewa nusu, ile nusu nyingine lazima uonyeshe utaitoa wapi ndo wakupe I-20, ile fomu ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi, na bila I-20 ubalozini unaenda kufanya nini, halafu kuna SEVIS, ada ya serikali ya Marekani ya kumsajili mwanafunzi wa nje, dola 350, hapo viza yenyewe hujailipia.

Studio ya gharama sio lazima. Simu nzuri, chumba chenye zulia, jirani azime jenereta dakika kumi. Wa kwako anaweza kupita njia nyingine kabisa, mi nasema niliyoyaona. Dada wa Tabata uliyeniandikia inbox, nitumie rekodi nyingine, ile kwaya imemfunika mtoto, nataka nimsikie yeye peke yake.